Mtoto Mchanga Anaposhtuka: Lipi ni la Kawaida, na Lipi ni la Kukimbilia Hospitali

Mlango ukibamizwa na upepo, mtoto wa siku tatu aliyelala chali hurusha mikono yote miwili nje, vidole vikiwa wazi, kisha huirudisha kifuani kama anayetaka kukumbatia kitu, na mara nyingi hulia. Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Katika nyumba nyingi za Pwani, hapo ndipo mazungumzo huanza. Bibi asema ni nyuni. Jirani asema mtoto afungwe hirizi. Mama mwenyewe, ambaye hajalala usingizi wa maana tangu ajifungue, hajui amsikilize nani.

Mtoto huyo hana ugonjwa. Kinyume chake, mtoto mchanga asiyeshtuka kabisa ndiye anayewatia wahudumu wa afya wasiwasi. Lakini degege la kweli lipo pia, hata katika siku hizo hizo za kwanza, na halifanani na kushtuka. Familia inayojua tofauti haitatumia pesa kwa mganga kwa ajili ya mtoto mzima. La muhimu zaidi, haitalala nyumbani na mtoto ambaye angepaswa kufika hospitali usiku huo huo.

Anazaliwa na nini

Ubongo wa mtoto anayezaliwa bado unajengwa. Sehemu ya juu, ile inayopanga na kuamua, haijashika usukani. Kazi nyingi za viungo zinaendeshwa na sehemu ya chini ya ubongo pamoja na uti wa mgongo. Kwa hiyo mtoto huja duniani na matendo yaliyo tayari: ukigusa hapa, mwili unajibu pale, bila yeye kuamua lolote. Ni vile vile mtu mzima anavyoondoa mkono kwenye sufuria ya moto kabla hajatambua kwamba ameungua. Matendo hayo huitwa miitikio ya asili. Mkunga au daktari anapomgeuza mtoto, kumgusa nyayo na kumwinua mikono kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani, hachezi naye. Anasikiliza jinsi ubongo na mishipa ya fahamu inavyojibu.

Kule kurusha mikono huitwa mwitikio wa Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto aliyefanya kazi Heidelberg, Ujerumani, na kuueleza mwaka 1918. Huamshwa na kelele ya ghafla na, zaidi ya yote, kichwa kinapoachiliwa kidogo kwenda nyuma, kana kwamba mtoto anaanguka. Ndiyo sababu watoto wengi hushtuka na kulia wanapolazwa kitandani. Mlaze kwa kutanguliza makalio, kisha mgongo, na kichwa kiwe cha mwisho, mkono wako ukiwa umekishika mpaka kitulie. Mara nyingi hatashtuka.

Jambo la kuangalia ni namna anavyoshtuka. Mikono miwili inapaswa kufanya kazi sawa. Ikiwa mmoja unaruka na mwingine umelala tu ubavuni, huenda mfupa wa mtulinga ulivunjika wakati wa kuzaliwa, au mishipa ya fahamu inayopita begani ilivutwa, hasa kama mtoto alikuwa mkubwa na mabega yalikwama njiani. Wengi wa watoto hawa hupona, lakini wanahitaji kuonwa mapema na mama kufundishwa jinsi ya kumshika, kumvisha na kuuchezesha ule mkono. Si jambo la kukandwa kwa mafuta nyumbani. Mfupa uliovunjika ukikandwa unamuumiza zaidi.

Kutafuta titi na kunyonya

Ukimgusa mtoto mchanga shavuni karibu na mdomo, hugeukia upande ulioguswa na kufungua kinywa. Anatafuta titi. Mwitikio huu ni msaada mkubwa kwa mama anayejifunza kunyonyesha, ila watu wa nyumbani huuvuruga bila kujua. Mara nyingi msaidizi humshika mtoto shavu la upande wa pili ili amwelekeze kwenye titi. Mtoto naye hugeukia kile kidole kinachomgusa, analiacha titi, na mama anaambiwa kwamba mtoto wake anakataa maziwa. Hakatai, anafuata alichoguswa nacho. Mguse kwa chuchu yenyewe, juu ya mdomo wake, ungoje afungue kinywa vizuri, ndipo umsogeze. Mshike mabegani na shingoni, wala usimsukume kisogo.

Kunyonya huanza tangu tumboni, na picha za mimba huonyesha watoto wakinyonya vidole. Lakini kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja ni kazi ngumu, na mtoto huiweza vizuri kuanzia karibu wiki ya 34 ya mimba. Aliyezaliwa kabla ya hapo huchoka, husahau kupumua, au maziwa humpalia. Hiyo si dalili kwamba ni mjinga wala kwamba maziwa ya mama ni mabaya. Hulishwa maziwa yale yale ya mama yaliyokamuliwa, kwa mpira mwembamba au kwa kikombe kidogo, na hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka nguvu zije.

Sasa ligeuze jambo hilo. Mtoto aliyetimia miezi, aliyekuwa akinyonya vizuri jana, na leo hataki au hawezi, ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Katika dalili zote za hatari za mtoto mchanga, hii ndiyo inayowahi kuonekana mara nyingi, na ndiyo inayopuuzwa kwa urahisi, kwa kuwa mtoto asiyenyonya pia huwa kimya na watu husema amelala vizuri. Mtoto mchanga hana njia nyingi za kuonyesha kwamba damu yake imeingiwa na vijidudu. Huacha kunyonya, hulegea, hupoa au hupata joto. Asingojewe mpaka asubuhi.

Pepopunda huanza kwa njia hiyo pia. Mtoto hunyonya na kulia kawaida siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 taya hukaza, anashindwa kunyonya, na mwili hukakamaa kila anapoguswa. Vijidudu vyake hupita kwenye kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kilichopakwa kinyesi, udongo au majivu. Sindano ya pepopunda anayopewa mama mjamzito kliniki humlinda mtoto hata kabla hajazaliwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoruka kliniki hata kama mimba haina shida.

Vidole, nyayo na hatua za mapema

Mitikio mingine haina hofu nyingi. Ukiweka kidole kwenye kiganja cha mtoto, hukishika kwa nguvu inayowashangaza baba wengi. Mfurahie, lakini usimning'inize kumpima. Akigeuza kichwa upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka na wa pili hujikunja, kama mtu anayevuta upinde. Ukimkwaruza unyayo kutoka kisigino kwenda juu, kidole gumba cha mguu huinuka na vingine hutawanyika. Kwa mtu mzima hiyo ni dalili mbaya ya ubongo au uti wa mgongo, kwa mtoto hadi karibu miaka miwili ni kawaida. Kwikwi, chafya na kujinyoosha huku uso ukiwa mwekundu ni mambo ya kila siku.

Kuna moja linaloleta maneno: mtoto wa wiki moja akishikwa makwapani na nyayo zikaguswa sakafu, huinua miguu kwa zamu kama anayetembea. Karibu na miezi miwili huacha. Wapo wanaosema ameonewa kijicho. Mwaka 1984 mtafiti Esther Thelen na wenzake huko Marekani waliwatia watoto majini hadi kiwiliwili, watoto ambao hatua zao zilikuwa zimepungua, na hatua zikaongezeka tena. Mtoto hakuwa amesahau. Miguu yake ilikuwa imenona haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu, na maji yaliibeba ule uzito. Kwa hiyo mtoto mnene aliyeacha kupiga hatua akiwa na wiki nane yuko sawa kabisa.

Degege linavyoonekana

Watoto wachanga wengi hutetemeka kidevu au mikono wanapolia, wanapovuliwa nguo au wanapokuwa na njaa. Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji kifaa: shika polepole mkono au mguu unaotetemeka, uukunje kidogo. Mtetemeko wa kawaida hukoma mkononi mwako. Degege halikomi. Utaendelea kuhisi kiungo kikiruka ndani ya kiganja chako.

Tazama pia macho. Mtoto anayeshtuka au kutetemeka anakutazama, au amelala, au analia. Mwenye degege macho huganda, au huvutwa upande mmoja, au kope hupepesa bila kukoma. Degege la mtoto mchanga si lazima liwe la kutupa mwili wote kama la mtu mwenye kifafa. Huweza kuwa dogo sana: mdomo unatafuna pasipo kitu, miguu inaendesha baiskeli, mkono mmoja unarukaruka kwa mdundo ule ule, au mtoto anaacha kupumua na midomo kugeuka rangi. Kwa sababu ni dogo, watu huliona mara tano, sita, kabla ya kushtuka. Na kipimo cha tatu ni kelele: mwitikio wa Moro huamshwa na kitu, degege huja lenyewe, hata chumba kikiwa kimya.

Linaletwa na nini? Kwa mtoto wa siku za kwanza, sababu zinazojulikana ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, uambukizo wa damu au wa utando wa ubongo, sukari kushuka, manjano iliyokithiri, na pepopunda. Zote zina tiba inayotolewa hospitali, na zote huharibu ubongo kadiri saa zinavyopita. Neno nyuni limekaa katika lugha yetu tangu zamani, na wazee waliolitumia walikuwa wakieleza jambo walilolishuhudia kwa macho yao: watoto waliokakamaa na kufa. Walichokosa ni dawa ya kuua vijidudu na sukari ya mshipani. Anayetaka kusali na asali, njiani. Kumfukiza mtoto moshi, kumchanja, kumtia kijiko au kidole mdomoni, kumnywesha dawa ya miti: hayo yanaongeza hatari, na zaidi yanakula wakati.

Mtoto akiwa na degege, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke, usimpe kitu chochote mdomoni mpaka azinduke, mfunike na umweke kifuani kwako apate joto, kisha ondoka. Kama kuna mtu wa pili, arekodi tukio kwa simu. Nusu dakika ya video humweleza daktari zaidi ya maelezo marefu, kwa kuwa mara nyingi degege huwa limekoma familia inapofika mlangoni.

Manjano inastahili neno lake. Watoto wengi hupata manjano kidogo baada ya siku ya kwanza na huisha. Ile inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au iliyofika viganjani na nyayoni, si ya kawaida. Kwa mtoto mweusi, mtazame mchana, penye mwanga wa dirisha: bonyeza ngozi ya pua au paji la uso, tazama weupe wa macho, fizi, viganja. Manjano ikizidi huingia ubongoni, mtoto husinzia, huacha kunyonya, baadaye hupinda mgongo nyuma na kulia kwa sauti kali. Anayepona baada ya hapo huweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Taa maalumu ya hospitali huizuia isifike huko. Kumwota mtoto jua la asubuhi hakutoshi kuishusha ikiwa imepanda.

Mambo yanapoondoka

Miitikio hii ina muda wake, na kuondoka kwake ni habari njema sawa na kuwepo kwake. Wa Moro hupungua na kwa kawaida huwa umekwisha kufikia miezi sita. Wa kushika kwa kiganja huisha karibu na wakati huo huo, na hapo mkono unakuwa huru kushika kile mtoto anachokitaka na kukiachia anapochoka nacho. Mkono ambao bado umekaza ngumi muda wote baada ya miezi mitatu, kidole gumba kikiwa ndani, unafaa kuonyeshwa kliniki.

Zipo dalili nyingine za kupeleka kliniki bila kusubiri tarehe ya chanjo. Kichwa kinachoanguka nyuma mtoto wa zaidi ya miezi minne anapoinuliwa. Miguu inayokaza na kupishana kama mkasi anapovalishwa nepi. Mwili uliolegea kama kitambaa. Kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja: mzazi hufurahi kwamba amezaa mtoto wa kushoto, kumbe mkono wa kulia una shida, maana katika umri huo mtoto hapaswi kuwa amechagua. Na mtoto wa umri wowote anayepoteza jambo alilokuwa ameliweza aonwe haraka.

Kwa upande wa hatua kubwa, Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa vipimo vilivyotokana na watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikwa kulianzia miezi 3.8 hadi 9.2. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Nafasi ni pana, na kumlinganisha mtoto wako na wa jirani kunaleta ugomvi usio na faida. Karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, na walitembea vizuri. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati hupunguziwa miezi hiyo miwili katika hesabu.

Malezi nayo yana sehemu yake, na ushahidi mmoja unaojulikana sana umetoka hapa Kenya. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha uchunguzi wake miongoni mwa Wakipsigis. Akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto makusudi kukaa, kusimama na kutembea, na watoto hao waliyaweza mapema kuliko watoto wa Marekani. Katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakutangulia. Kwa hiyo kumbeba mtoto, kumkalisha mapajani, kumlaza kifudifudi akiwa macho na mtu akimtazama, ni mazoezi halisi. Wakati wa kulala usingizi alazwe chali. Vile vigari vya magurudumu vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kumfundisha mtoto kutembea havihitajiki. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto waliojeruhiwa navyo.

Mtoto akigunduliwa ana mtindio wa ubongo, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani amefanya. Hakuna aliyefanya. Mara nyingi chanzo ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa, manjano au uambukizo, na kwa wengine chanzo hakipatikani. Hautibiki ukaisha, lakini ubongo wa miaka ya mwanzo hujifunza njia nyingine, na mtoto anayeanza mazoezi ya viungo akiwa na miezi minne ana nafasi kubwa ya kukaa, kula na kuzungumza kuliko anayeletwa akiwa na miaka minne baada ya kufichwa chumbani. Mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha mzazi mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku, kwa leso na mto, bila mashine.

Baada ya kujifungua, mama na mtoto huonwa ndani ya saa 48, tena kati ya wiki ya kwanza na ya pili, tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Mtoto aliyezaliwa nyumbani apelekwe siku hiyo hiyo. Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Mwombe muuguzi aujaze siku za chanjo, za wiki ya 6, 10 na 14, badala ya kuishia kwenye sindano na mizani. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kumtazama mtoto na kuandika rufaa.

Usisubiri siku ya kliniki ikiwa mtoto wa chini ya miezi miwili ameacha kunyonya, ana degege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, hajisogezi mpaka aguswe, au viganja na nyayo ni manjano. Hata moja kati ya hayo inatosha. Mpeleke kituo kilicho karibu, mchana au usiku, na umwambie mtu wa kwanza unayemkuta mlangoni kwamba una mtoto mchanga mwenye dalili ya hatari, ili usipangwe kwenye foleni.